Kusafiri kwa Tanga Kutoka Mombasa Mpaka Lamu

(Maneno ya mazungumzo kwa wote wapendao bahari)



Watu wanaotaka kusafiri na rafiki zao kwa chombo cha tanga, kutoka Mombasa mpaka Lamu, huuliza swali moja kuliko mengine yote: Safari hiyo huchukua siku ngapi? Aulizaye hungoja kutajiwa hesabu, kama vile mtu aulizavyo saa ya kuondoka kwa basi au gari la moshi. Lakini nahodha akiulizwa, hataji hesabu. Yeye huuliza, "Mwezi gani?" Kisha huuliza, "Mna haraka?" Na akiambiwa ya kuwa mmoja wa wasafiri ana haraka, aghalabu atapata shughuli nyingine siku ile.

Kwa njia ya bahari, Mombasa mpaka Lamu ni kama maili 130 za baharini, yaani karibu kilometa 240. Chombo chema chenye upepo mwema chaweza kuimaliza njia hiyo kwa siku mbili na usiku wake. Chombo kile kile, chenye mabaharia wale wale, chaweza kuhangaika wiki tatu bila kufika. Tofauti haimo katika mbao wala katika mikono ya watu. Imo katika pepo, na maji, na saa ya kuondoka.

Pwani hii hutawaliwa na pepo mbili kubwa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, tangu Desemba hivi mpaka Machi. Kusi hutoka kusini mashariki. Huingia pamoja na mvua za masika mnamo Aprili, huwa kali mno mwezi wa Juni na Julai, kisha hupungua nguvu kidogo kidogo mpaka Oktoba. Kati ya hizo mbili yapo majira mafupi ambayo watu wa pwani huyaita tanga mbili, maana wakati huo chombo chaweza kutweka tanga kikaenda kaskazini au kusini bila kushindana sana na upepo. Na chini ya pepo hizo kuna mkondo wa maji uendao kaskazini kandokando ya pwani, karibu mwaka mzima. Wakati wa kusi mkondo huo huwa na mbio nyingi, nao husaidiana na upepo. Wakati wa kaskazi mkondo mwingine hushuka kutoka pwani ya Somalia, hukutana na ule wa kwanza huko upande wa kaskazini, na yote miwili hugeuka kuelekea bahari kuu. Asiyejua jambo hili huona ajabu anapotaka kurudi Mombasa wakati usiofaa: tanga limejaa, povu lapita ubavuni, na mnazi ule ule wa ufuoni hauachwi nyuma hata kwa saa nzima.

Iwapo yuko mtu anayedhani ya kuwa haya ni maneno ya wazee tu, na aitazame safari ya Vasco da Gama, Mreno aliyefika Malindi mwezi wa Aprili mwaka wa 1498. Mfalme wa Malindi alimpatia rubani aliyeijua njia ya Bara Hindi. Waling'oa nanga tarehe 24 Aprili, kusi ilipokuwa ikiingia, nao wakaiona nchi ya Bara Hindi tarehe 18 Mei. Bahari yote ile ilivukwa kwa siku zisizotimia 25. Lakini wakati wa kurudi Vasco da Gama hakutaka kungoja. Aliiacha pwani ya Bara Hindi mwanzo wa Oktoba, kabla kaskazi haijasimama. Akakutana na shwari, na pepo za mbele, na shwari tena. Njia ile ile ikachukua karibu miezi mitatu. Watu wake kama 30 walikufa kwa kiseyeye, na waliobaki hawakuwa na nguvu ya kuvuta kamba. Alitia nanga Malindi tarehe 7 Januari 1499. Na kwa kuwa watu waliosalia hawakutosha kuendesha merikebu tatu, moja, jina lake São Rafael, ikabidi kuchomwa moto katika pwani hii. Kama wangalikaa wiki chache tu bandarini wakila matunda, huenda wengi wao wangaliona tena kwao.

Wafanya biashara wa Arabuni, Ghuba na Bara Hindi walikuwa wameyajua mambo haya karne nyingi kabla ya Wareno. Walikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na kati ya hizo walikaa mjini miezi, wakauza na kununua, na wengine wakaoa. Hata katika miaka ya 1950 majahazi yao yalionekana yamejipanga katika Bandari ya Kale ya Mombasa yakingojea upepo wa kurudia, na hakuna aliyewaita wavivu.

Sasa chukulieni mfano wa rafiki wanne: karani wa ofisi, mwalimu wa shule, fundi wa magari, na mvuvi wa Takaungu mwenye mashua yake. Huyo wa mwisho amewazidi wenzake kwa miaka mingi, nao humwita Mzee. Walipatana kwenda Lamu mwezi wa Oktoba. Karani alikuwa amepata likizo ya juma moja, naye aliipigia hesabu kwa kalamu: siku mbili za kwenda, siku mbili za kutembea Lamu, siku mbili za kurudi, na siku moja ya akiba. Katika karatasi hesabu ile haikuwa na kosa hata moja.

Jambo lililopaswa kukatwa kwanza, kabla ya kununuliwa hata kibaba cha mchele, lilikuwa ni nani awe nahodha. Katika kundi la rafiki jambo hili ni gumu kuliko katika chombo cha biashara. Kwenye jahazi la mizigo mshahara hukata maneno. Kwenye mashua ya rafiki kila mtu ametoa fedha sawa, kila mtu anajiona ana sauti sawa, na pengine mmoja ni mkubwa wa mwenzake huko ofisini. Kila mwenyeji wa pwani anaijua methali isemayo manahodha wengi chombo huenda mrama, lakini wachache huikumbuka wakati wanapocheka pamoja gatini. Wale wanne walifanya vizuri. Waliagana ya kuwa wakiwa nchi kavu mambo yote yatakuwa ya shauri, na nanga ikisha kung'olewa, neno ni la Mzee peke yake, na atakayebisha atabisha baada ya nanga kutiwa tena.

Kuhusu vyakula hapana haja ya maneno mengi. Maji ndiyo makubwa: lita 4 kwa kila mtu kwa kila siku, ya kunywa na kupikia, katika madumu kadhaa, yasiwe katika chombo kimoja kiwezacho kupasuka. Mchele, tende, ndimu, ndizi mbichi. Jiko la makaa ndani ya sanduku lenye mchanga. Boya la kujiokoa kwa kila mtu, livaliwe, lisikaliwe kama mto. Simu ya mkononi ni kitu chema sana na itiwe katika mfuko usioingiza maji, ila izingatiwe kwamba kuna sehemu za pwani ambako haishiki.

Waliondoka alfajiri ya Jumanne, siku ya mwezi mpevu. Saa ile haikuchaguliwa kwa bahati. Katika pwani ya Kenya, siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji hujaa sana kama saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hupwa kabisa kama saa nne, asubuhi na usiku. Hayo ndiyo bamvua, na tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Kisha kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika kama 50. Basi chombo kinachotweka tanga Mombasa karibu na saa kumi na moja alfajiri ya mwezi mpevu husukumwa nje na maji yanayotoka, na bado kinao umande, yaani upepo mwembamba wa nchi kavu unaovuma kabla ya jua. Kikichelewa mpaka saa tatu, kusi huwa imeamka nayo hukikabili usoni mlangoni mwa bandari.

Jioni ile walilala Kilifi, ambako hori ni refu na lina kina kizuri. Siku ya pili mvua na upepo wa ghafula viliwazuia. Siku ya tatu kulikuwa shwari tupu, tanga likaning'inia kama nguo kambani. Karani alianza kuitazama saa yake. Ijumaa wakapata upepo, nao ukawa dhaifu mpaka adhuhuri. Na saa kumi na moja jioni walikuwa bado mbele ya Watamu, karibu na mlango wa hori la Mida.

Hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo hutokea katika safari nyingi za namna hii, na mara nyingine huishia kwa watu kuokotwa juu ya mwamba.

"Mzee," alisema karani, "mlango huo pale. Maji yanajaa, na jua bado lipo. Tuingie Mida tulale. Jumatatu ni lazima niwe kazini."

"Umesema mlango huo pale," akajibu Mzee. "Hebu nionyeshe."

Karani alinyosha mkono, kisha akaushusha. Mbele yake hakukuwa na kitu ila mng'ao wa jua juu ya maji, kutoka ncha moja ya ufuo mpaka nyingine.

"Mimi pia siuoni," alisema Mzee. "Nimeupita asubuhi mara nyingi, na jioni kama hii sijaupita hata mara moja. Jumatatu utafika kazini kwa basi, bwanangu. Kwa mashua hii huendi kazini."

Inafaa kueleza kwa nini Mzee alikataa, maana mtu wa bara angeweza kusema ya kuwa karani alikuwa na haki: maji mengi ni salama, na maji yalikuwa mengi. Pwani ya Kenya ina mwamba mrefu wa matumbawe unaokwenda sambamba na ufuo, nao hukatika tu hapa na pale, hasa penye vinywa vya mito na mahori. Chombo huingia kwa kuelekea magharibi. Wakati wa asubuhi jua liko nyuma ya msafiri, nalo humsomea bahari kama kitabu: pa rangi ya hudhurungi ni mwamba, pa kijani cheupe ni mchanga, pa buluu iliyoiva ni kina. Wakati wa jioni jua liko machoni mwake, na rangi zote hizo hugeuka fedha moja. Tena, maji yakiwa yamejaa sana, mawimbi hayavunjiki juu ya mwamba, kwa hiyo hata sikio haliwezi kusaidia. Mwamba upo, umefunikwa kwa kadiri isiyotosha mkuku wa mashua, na juu yake maji yametulia. Hori la Mida hasa lina mlango mwembamba, na maji huingia na kutoka humo kwa nguvu nyingi.

Saa nzuri kuliko zote za kuingia mahali pageni hupatikana siku za maji mafu, yaani kama juma moja baada ya mwezi mpevu au mwandamo. Siku hizo maji hujaa karibu na saa nne asubuhi, jua likiwa limepanda nyuma ya mgongo. Ni kana kwamba bahari imepanga mambo hayo kwa ajili ya wageni. Jedwali la kujaa na kupwa hutolewa kila mwaka na Halmashauri ya Bandari za Kenya, na asiyekuwa nalo atazame mwezi.

Basi Mzee alielekeza omo bahari kuu, wakaenda wakiuacha mwamba mbali kabla ya giza. Mwalimu alilevywa na bahari, akalala chini ya foromali bila kusema neno. Fundi wa magari, aliyekuwa hajapata kulala nje ya nyumba isipokuwa chini ya lori, aliteka ngama kwa kopo saa baada ya saa. Usiku wa manane Mzee aliwaamsha wote kukisi tanga, ili warudi kidogo upande wa kusini, mkondo usije ukawapitisha Malindi kabla ya mapambazuko.

Kukisi tanga la jahazi au mashua si kazi ya mtu mmoja wala ya maneno mengi. Chombo hugeuzwa mpaka upepo uje tezi, demani hulegezwa, foromali husimamishwa wima sambamba na mlingoti, tanga huzungushwa mbele ya mlingoti likapelekwa upande wa pili, kisha joshi na demani hufungwa upya. Kwa muda wa pumzi chache chombo hakina bwana. Upepo ukilishika tanga kabla ya wakati wake, kamba humkata mtu kiganja, au humtupa baharini gizani. Usiku ule karani alikuwa amenuna, hakuna asiyejua. Lakini alipoambiwa "legeza" alilegeza, na alipoambiwa "shika" alishika. Hilo lilitokana na mapatano ya gatini. Mtu aweza kununa na kuvuta kamba wakati mmoja.

Kulipokucha waliiona pwani tena. Mzee hakuingia upesi. Alingoja mpaka saa mbili asubuhi, jua limepanda na maji yameanza kupungua, ndipo povu jeupe likaanza kuonekana juu ya mwamba na rangi za bahari zikajitenga. Fundi alisimama omo akitazama, mwalimu akashika upondo, tanga likapunguzwa, wakaingia Malindi polepole. Walipita bila kugusa kitu. (Kutoka Watamu mpaka Malindi kuna sehemu za hifadhi ya bahari zilizowekwa na serikali mwaka wa 1968, huko hairuhusiwi kuvua samaki wala kuchukua kombe, na nanga isitupwe juu ya matumbawe.)

Karani aliagana nao siku ile ile. Alipanda basi la kwenda Mombasa, kwa barabara ya kilometa kama 120, na Jumatatu alikuwa mezani pake saa mbili. Hakuna aliyemcheka. Kusema kweli, hili ni jambo ambalo makundi mengi hulisahau: kabla ya kuondoka ni vizuri kutaja wazi bandari ambazo mtu mwenye tarehe aweza kushuka bila kuona haya, na nauli yake iwekwe kando tangu mwanzo. Mtu wa namna hiyo akibaki chomboni, tarehe yake huanza kushika usukani.

Watatu waliobaki walingoja Malindi siku mbili, kisha wakaenda. Kaskazini ya Malindi bahari hubadilika tabia. Mto Sabaki huleta udongo mwekundu, na mbele zaidi Mto Tana humwaga maji yake katika Ghuba ya Ungwana, karibu na Kipini. Hapo somo la rangi halifai kitu, kwa sababu maji yote yana rangi ya chai ya maziwa, na chini yake ni mafungu ya mchanga ambayo huhama. Huko hutumiwa bildi: kamba yenye alama na kipande cha risasi, hutupwa na kusomwa, hutupwa na kusomwa, mpaka mkono uchoke. Kusi ikizidi, vyombo hujificha nyuma ya Ras Ngomeni. Mitepe ya kale ya Wabajuni, iliyoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari hata mmoja, iliweza kugusa fungu ikajikunja kidogo na kuendelea. Lakini ilitoweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na mashua ya misumari haijui kujikunja.

Waliingia Lamu kwa maji yanayojaa, kati ya Shela na Ras Kitau, siku ya kumi tangu kuondoka Mombasa. Mji huo ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2001. Na mtu aliyefika kwa tanga huuona kwanza kama ulivyokusudiwa kuonwa, yaani kutoka majini, nyumba zake zikiwa zimeelekea bandarini.

Ilibaki safari ya kurudi. Kusi ilikuwa haijaisha, na kwenda kusini dhidi yake na dhidi ya mkondo ni kazi ya kubisha mchana na usiku kwa faida ya maili chache. Mwalimu na fundi walirudi kwa basi. Mashua iliachwa Lamu mpaka Desemba, kaskazi itakaposimama. Afanyaye hivyo na aangalie mambo haya: chombo kisipandishwe mchangani na kuachwa juani, kwa sababu mbao hukauka na kalafati hulegea, kilazwe katika hori lenye mikoko, mahali ambapo kitaelea hata maji yakipwa, tanga litolewe na kukunjwa likiwa kavu, liwekwe nyumbani mbali na panya, na apatikane mtu wa mtaa ule wa kuteka ngama kila asubuhi. Mtu huyo alipwe nusu ya ujira wake mbele ya shahidi kabla ya wenyewe kuondoka, na nusu siku watakaporudi wakaikuta mashua inaelea.